Kijani cha Kasigau

Juma lililopita mwanamke mmoja kijana wa hapa landhi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, alikuja mlangoni kwangu akiwa ameshika kadi ya kliniki. Nilimvutia kiti, akakataa kuketi. Alikuwa ametoka kuambiwa kwamba ana kifua kikuu.

“Mama Mghoi,” akasema, “watu wanasema wewe uliupata ukapona. Ni ugonjwa wa namna gani?”

Nilimpa maneno mawili matatu ya kumtia moyo, akashukuru, akaenda zake. Alipokata kona nikajikasirikia. Nilikuwa nimemwambia yale yale ambayo mimi niliambiwa miaka kadhaa iliyopita, na mimi hayakunisaidia hata kidogo. Vumilia. Meza dawa. Omba Mungu. Hayo yote ni kweli, lakini hayamwambii mtu atakachokutana nacho. Huu ni ugonjwa wa kukera. Unakuweka kwenye benchi mpaka usahau ulikuja kufanya nini. Na mimi, katika kule kupona, nilipoteza rangi, na hakuna aliyekuwa amenionya kwamba jambo kama hilo linaweza kunipata. Kwa hivyo naandika, ili yeye na wengine wenye kadi kama yake wasome wakiwa wamekaa.

Kikohozi kilinianza wakati wa kiangazi. Voi nzima hukohoa wakati wa kiangazi. Vumbi jekundu huingia kwenye unga, kwenye shuka na kwenye meno, na mtu akikohoa unamwambia pole na maneno yanaishia hapo. Kilichonishtua mimi ni gauni. Nilikuwa fundi wa kushona nyumbani, nina cherehani ya mkono, na nguo zangu nilizishona mwenyewe. Gauni langu la kanisani likaanza kuning'inia, nikalipunguza mbavuni. Baada ya muda mfupi nikalipunguza tena. Mara ya tatu nilishika ule upindo uliozidi, nikaona kitambaa kilichobaki ndani kinatosha kumshonea mtoto. Usiku nilikuwa natoka jasho mpaka godoro linalowa. Mume wangu, Jeremia, mtu wa bendera na taa pale stesheni, aliniangalia nikivaa asubuhi moja akasema, “Leo hatuendi kazini, wewe wala mimi. Tunaenda hospitali.”

Wakati huo nilikuwa na kazi kubwa mikononi. Kina mama wa kanisa letu walikuwa wameamua kushona nguo ya kuning'inizwa ukutani katika kanisa jipya. Haikuwa blanketi la viraka la kujifunika. Hii ilikuwa picha, yote kwa vipande vya vitambaa: mlima wa Kasigau, mashamba chini yake, na mawingu juu. Walinipa mimi kuibuni kwa sababu nilizaliwa Rukanga, pale pale mlima unapoanzia. Kiongozi wao alikuwa Mama Nafula, mke wa karani wa reli, watu wa kutoka magharibi, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya reli.

Watu hudhani kazi ya nguo kama hiyo ni kushona. Mimi nilimaliza majuma mengi kabla ya kutia uzi kwenye sindano, nikichagua tu. Msitu wa juu kule Kasigau ni kijani kizito, karibu cheusi, na kaniki, ile nguo nyeusi ya kutiwa rangi, peke yake ilikuwa nyeusi mno. Ukitumia kitenge cha kijani, kinapiga kelele. Siku moja nilikigeuza kile kitenge, nikatumia upande wa ndani ambako rangi imefifia, na hapo mlima ukaanza kukaa mahali pake. Kwa majabali nilikuwa na drili ya kijivu. Kwa udongo, suruali kuukuu za khaki za Jeremia, zilizofuliwa mpaka zikachoka, zikiwa na vipande vya leso nyekundu kati yake. Nilikuwa na mfuko mzima wa vipande hivyo, nimevipanga kwa mafungu, kijani na kijani chenzake, na nilijua kila kimoja kinakwenda wapi.

Mfuko huo niliuacha nyumbani kwa Mama Nafula siku nilipolazwa.

Wadi ya vifua ilikuwa mbali kidogo na wadi nyingine. Watoto walipelekwa Rukanga kwa mama yangu. Kila asubuhi ilikuwa sindano, upande huu leo, upande ule kesho, mpaka nyama ikawa ngumu kama ubao na sista akawa anatafuta kwa kidole mahali palipo laini. Jeremia alikuja kila alipotoka zamu, akasimama nje ya dirisha. Tuliongea kupitia wavu wa mbu. Sikumbuki tulisema nini, nakumbuka tu vile wavu ulivyomkata uso wake vipande vidogo vidogo.

Ndipo Mama Nafula akaja na mwenzake, wote wamejifunga leso mdomoni.

“Mama Mghoi, usiwe na wasiwasi na ile kazi,” akasema akiwa mlangoni. “Tumevichemsha.”

“Mmechemsha nini?”

“Vile vitambaa vyako. Vyote. Tumevitia kwenye pipa na sabuni, tukachemsha vizuri kabisa. Unajua watu waliogopa kuvishika.”

“Mlivitia pamoja? Na kaniki?”

Yule mwenzake akatazama chini.

“Kaniki ilitoa rangi kidogo,” akasema Mama Nafula.

Kaniki haitoi rangi kidogo. Nilijua bila kuonyeshwa: kila kitu kilichokuwa ndani ya lile pipa, leso, kitenge, marikani nyeupe ya mawingu, sasa vyote ni rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Nilitaka kupiga kelele, nikaishia kukohoa, nikakohoa mpaka sista akawafukuza. Walikwenda. Mwishowe waliishona nguo yao kwa vitambaa hivyo hivyo, wakaitundika. Watu waliisifu. Mimi nililala pale nikiwa na hasira isiyo na mahali pa kwenda. Walikuwa wameogopa, na kuogopa si kosa. Lakini hakuna aliyefikiri kuniuliza.

Nilitoka wadini mvua za vuli zikiwa zimekwisha. Nilipewa vidonge vya kumezea nyumbani na siku ya kurudi kliniki. Vidonge hivyo vikanitoa vipele mwili mzima, ngozi ya mikono ikabanduka kama ya kiazi kilichochemshwa. Nikarudi hospitali kabla ya siku yangu, nikapewa vidonge vingine. Vipele vikaisha. Nikamshukuru Mungu kwa vidonge vipya.

Mkamburi, dada mdogo wa Jeremia, alikuja kutoka Marungu kutusaidia. Alichota maji, akapika, akafagia. Kikombe changu alikiosha peke yake, akakiweka peke yake kwenye rafu ya juu. Nilikiona kila siku, na kila siku niliapa kutosema kitu.

Niliamua kuushona mlima mwenyewe, wangu mimi, nisimngoje mtu wala kamati. Jeremia alisema nipumzike. Nilimwambia nikipumzika zaidi ya hapo watanifukia. Nikaenda kwa fundi Salim, mzee aliyekuwa akishona kwenye baraza la duka la nguo, nikasimama mbali kidogo kama nilivyokuwa nimezoea, nikamwuliza kama ana mabaki.

“Sogea, mama,” akasema. “Mbona wasimama juani?”

“Nilikuwa nimelazwa, mzee. Kifua.”

“Nimesikia. Sasa wameza dawa?”

“Nameza.”

“Basi sogea uchague. Nguo haichaguliki kwa mbali.”

Akalimwaga gunia lake zima chini, poplini, satini, drili, vipande vya sare za shule, na akaniacha nikae hapo. Katika ugonjwa wangu wote sikumbuki wema uliozidi ule.

Nyumbani nilitundika blanketi la kijivu ukutani, nikawa nabandika vipande juu yake kwa pini. Nabandika, narudi nyuma mpaka mlangoni, nafumba macho nusu, natazama. Kipande cha satini kinang'aa mno, natoa. Nakiweka upande mwingine, natazama tena. Siku yenye nguvu nilibandika kumi nikabakiza viwili. Siku isiyo na nguvu niliketi kitandani nikautazama mlima wangu tu. Nilipouridhia upande wa juu, kile kilele na mgongo wote wa msitu, nikavipiga bandi vile vipande, mishono mirefu ya kushikiza tu, kisha nikavishona kabisa kwa cherehani. Kazi ikawa inaenda.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza Mkamburi aliposimama nyuma yangu na ufagio mkononi.

“Wifi,” akasema, “mbona kule juu umeweka rangi ya damu ya mzee?”

“Wapi?”

“Pale kileleni. Na pale. Mlima una damu ya mzee?”

“Hicho ni kijani, Mkamburi. Kijani kizito.”

Akacheka, akidhani natania. Alipoona sicheki akaendelea kufagia. Nami nikaona huyu msichana hajui rangi, na tena hajui adabu. Nikawa simsemeshi.

Juma lile lile nilimtuma kwa fundi Salim aniletee uzi wa kijani. Akaniletea wa kahawia. Nikamrudisha. Akarudi na ule ule. Nikajifunga leso nikaenda mwenyewe, njia nzima nikisukuma hasira mbele yangu.

“Mzee, huyu mtoto humwelewi? Nilisema kijani.”

Fundi Salim aliuchukua ule uzi, akautoa nje ya kivuli, akautazama juani. Palikuwa na wateja wawili wamesimama. Akateremsha sauti.

“Mama Mghoi, huu ni kijani. Niliuchagua kwa mkono wangu. Waumwa macho?”

Nikamwambia siumwi macho, kinachoniumiza ni watu. Nikauchukua uzi wake nikaondoka. Lakini njiani nikaanza kutazama. Mvua ilikuwa imenyesha, na baada ya mvua Voi huwa kijani kwa siku chache, majani yanatoka hata katikati ya reli. Nilitazama kando ya barabara. Udongo na majani vilikuwa kitu kimoja, rangi ya chai iliyolala. Anga ilikuwa bluu vile vile. Ua la manjano lilikuwa manjano. Lakini katikati, pale nyekundu na kijani zinapokaa, palikuwa pameoshwa.

Nikajiambia ni uchovu. Nikajiambia ni kupungukiwa damu. Na unajua kwa nini sikutaka kumwambia mtu? Mama mkwe wangu, kule Marungu, alikuwa ameshaniletea ujumbe mara nyingi kupitia Mkamburi: vidonge vya hospitali vinaua, kuna mtu huku anatoa mizizi, dada wa fulani alikunywa akapona. Nilijua nikisema macho yanaharibika, neno litakalofuata ni “Si tulikuambia?” Nami nilikuwa nimeiona damu ya watu wengine kwenye mabeseni ya wadini. Vidonge singeviacha.

Kwa hivyo niligombana na kila mtu badala ya kusema. Jeremia akavumilia mpaka Jumapili moja mchana. Mkamburi alikuwa amepakua mchicha na nyanya, nami nikasema nyanya haziko, amezipeleka wapi. Walitazamana.

“Mama Mghoi,” Jeremia akasema, “ziko mbele yako. Juu ya mchicha.”

Nikasukuma sahani.

Hakukasirika. Aliinamisha kichwa kama anayesikiliza treni iliyo mbali, halafu akasema, “Niliposajiliwa reli walitupima macho. Walimwaga nyuzi za sufu mezani wakatuambia tuchague zinazofanana. Kuna kijana tuliyekwenda naye alirudishwa nyumbani siku hiyo hiyo. Hakuwahi kujua kwamba haoni rangi.”

“Mimi nazijua rangi, Jeremia. Ndiyo kazi yangu.”

“Najua.” Akaenda ndani, akarudi na bendera zake mbili za kazini. Akasimama mlangoni penye mwanga, akakunjua moja.

“Hii?”

“Kijani,” nikasema.

Akaishusha, akainua nyingine. “Na hii?”

“Usinichezee. Umeinua ile ile.”

Mkamburi akaweka mkono mdomoni. Jeremia alibaki ameishika ile bendera, hajui aiweke wapi. Yeye ni mtu ambaye kazi yake yote ni kwamba nyekundu ni nyekundu. Mtu akikosea, watu wanakufa. Akaja akaketi kando yangu kwenye kitanda.

“Hili halikuanza leo,” akasema.

“Halikuanza leo.”

“Na uliniacha nidhani unatuchukia tu.”

Nililia kwa hasira, siyo huzuni. Kifua kilikuwa kimenichukulia watoto, mwili, kikombe changu na mfuko wa vitambaa. Niliona kimezidisha.

Asubuhi yake tulikwenda kliniki. Aliyekuwa mlangoni alitazama kadi akasema siku yangu ni juma lijalo. Jeremia akamwambia macho hayangojei juma lijalo. Tukaambiwa tukae. Tukakaa. Benchi lile nalijua kuliko ninavyokijua kiti cha kanisani. Lina msumari mahali fulani, na wagonjwa wa zamani huketi wakiuacha wazi kwa ajili ya mgeni. Mchana tukaambiwa daktari wa vifua amepanda milimani, hatarudi leo. Kesho yake Jeremia alikuwa zamu, nikaenda peke yangu, nikaambiwa daktari yupo lakini faili halionekani. Mama mmoja Mkamba aliyekuwa kando yangu aliniona nikitetemeka, akanimegea muhogo wake bila kuniuliza ninaumwa nini. Nilipoitwa, jua lilikuwa limeshageuka upande wa pili wa jengo.

Nilikuwa nimejiandaa kupigana. Nilikuwa na maneno tayari, ya Kiswahili na machache ya Kiingereza. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Akachukua kalamu mbili mezani, akanionyesha moja baada ya nyingine, nikataja rangi. Akatazama ndani ya macho yangu kwa kurunzi ndogo, muda mrefu.

“Hivi vidonge tunaviacha leo,” akasema. “Hivi ndivyo vinavyofanya hivyo.”

“Mlijua vinaweza kufanya hivyo?”

“Tunajua. Si kwa kila mtu.”

“Na hakuna aliyeniambia.”

Akavua miwani yake. “Ulipaswa kuambiwa siku ya kwanza. Ni kosa letu, mama. Nisamehe.”

Nilibaki na maneno yangu yote mdomoni, hayana kazi. Laiti angebisha. Nilimwuliza kama rangi zitarudi. Akasema mara nyingi hurudi, polepole, lakini hawezi kuniahidi. Hakutaka kunidanganya, na hilo nililiheshimu baadaye. Siku ile nilitamani anidanganye.

Nikarudishiwa sindano. Matibabu yakarefushwa. Kila asubuhi nilitembea kutoka landhi mpaka hospitali, nikachomwa, nikarudi nikiegemea upande mmoja. Mama mkwe alituma ujumbe alioutuma. Jeremia alimwandikia yeye mwenyewe, na sijui aliandika nini, ila ujumbe wa mizizi haukuja tena.

Nilikunja ule mlima nikausukuma chini ya kitanda. Mkamburi ndiye aliyeutoa.

“Niambie unataka rangi gani, mimi nitakutafutia,” akasema.

“Utaniambiaje? Utasema kijani.”

“Si ni kijani?”

“Kijani cha nini?”

“Wifi, kijani ni kijani!”

Tukagombana, mara hii wazi wazi, kwa sauti, mpaka jirani akachungulia. Alisema amechoka kuogopa kuongea ndani ya nyumba ya kaka yake. Nilimwambia nimechoka na kikombe changu kule rafuni. Hakuwa ametarajia hilo. Alikwenda akakichukua, akakitia chai, akanywa yeye, akanitazama huku akinywa. Sijawahi kuona mtu akinywa chai kwa hasira namna ile. Kisha akakiweka na vingine.

Baada ya hapo tulijaribu. Alishika kipande akasema, “Hiki ni kijani cha mchicha kabla haujapikwa.” Kingine: “Hiki ni mchicha uliokaa jikoni mno.” Kingine: “Hiki ni kama maji ya bwawa yenye vyura.” Nilivipanga kwa maneno yake, nikaandikia kila fungu karatasi. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Mara nyingine alisahau aliyosema jana, mchicha ukawa bwawa, nikatupa kila kitu sakafuni. Alikuwa akiokota. Ukaisha msimu wa baridi, tukiwa tumebandika mashamba ya chini tu, na mimi sijui kama yanapendeza au hayapendezi. Kuona kitu chako ukakosa kujua kama ni kizuri, hilo sikulizoea mpaka mwisho.

Nyekundu ndiyo iliyorudi kwanza. Nilikuwa sokoni, kiangazi kimeanza tena, napita kwenye mafungu ya mboga bila kutazama kwa sababu nilikuwa nimeacha kutazama. Fungu la nyanya likanirukia. Nilisimama. Mwenye nyanya akaniuliza nataka ngapi, nami nilikuwa nimeshika moja nimeisogeza karibu na uso kama kipofu. Ilikuwa hafifu, kama kitu kilichofunikwa na vumbi, lakini ilikuwa nyekundu. Nilimwambia hizi ni nyekundu. Akaniambia kama sizitaki niziache.

Kijani kilichelewa. Kilikuja kwa viraka. Juma moja niliona mti na sikuona nyasi. Nilichoka kungoja, nikawa nawauliza watu barabarani rangi za nguo zao mpaka Jeremia akaniomba niache. Kisha asubuhi moja, sindano zikiwa zimekwisha na nimebakiza vidonge vya mwisho, nilikunjua mlima wangu juu ya kitanda niupige pasi, nikauona.

Kilele kilikuwa damu ya mzee. Mgongo wote wa msitu ulikuwa wa kahawia na wekundu uliochanganyika na kijani bila mpango wowote, kama kidonda kinachopona vibaya. Mkamburi alikuwa amesema kweli tangu siku ile ya ufagio.

Ilitokea Mama Nafula alipita kunijulia hali. Tulikuwa tumeanza kusalimiana tena. Akauona pale kitandani, akapiga makofi.

“Huu mlima unawaka! Kama jua linazama nyuma yake. Jamani, Mama Mghoi, umewezaje?”

“Nilikosea. Sikuwa naona.”

“Basi Mungu ndiye aliyekuchagulia. Usiuguse.”

Jeremia naye aliporudi akasema ningeuacha hivyo, uwe kumbukumbu ya tuliyopitia. Alisema kwa upole, na nilimwelewa. Lakini mimi sikutaka kumbukumbu. Ulikuwa mbaya. Kasigau hauwaki moto. Na nilikuwa nikiuona ubaya wake wote, kila mshono, kutoka pale nilipokaa, bila kumwuliza mtu. Nikachukua wembe nikaanza kufumua. Nilifumua siku nzima, nyuzi zikajaa mapajani, na kila kipande chekundu kilichobanduka kilinipa raha ambayo siwezi kuieleza kwa mtu mwenye macho mazima.

Nikaanza upya. Upande wa ndani wa kitenge. Sketi ya zamani ya shule ya binti yangu Mghoi, iliyopauka magotini. Kaniki, kidogo tu, nimeifua peke yake.

Wewe uliyepewa kadi leo, nisikilize. Ukibadilishiwa dawa, uliza itakufanya nini, na usiondoke mpaka ujibiwe. Kitu chochote kikibadilika, jicho, sikio, ngozi, mkojo, sema siku hiyo hiyo, hata wakikwambia si siku yako. Usiache dawa kimya kimya, na usiteseke kimya kimya. Nimejaribu hilo la pili na halina faida. Watu wataogopa vikombe vyako. Kasirika, lakini waambie, wengine watabadilika. Na tafuta kazi ndogo ya mikono hata kama utaifanya vibaya.

Nilipoambiwa nisirudi tena kliniki, mvua za vuli zilikuwa zimenyesha vizuri. Tulipanda Rukanga sote watatu, na watoto wangu walinitazama kwanza kwa aibu, kama mgeni, mpaka jioni. Siku ya pili niliutundika mlima wangu kwenye ukuta wa sebule ya mama. Alisimama mbele yake na mikono kiunoni, akautazama kwa muda.

“Umeshona vizuri,” akasema. “Lakini mlima wetu si kijani hivi.”

“Mama, ni kijani hivi hivi.”

“Una bluu ndani yake.”

“Bluu ni ya asubuhi. Hapa ni mchana, baada ya mvua.”

“Wewe ulikuwa Voi unaumwa. Mimi ndiye ninayeutazama kila siku.”

Niliichomoa nguo ukutani, tukaitoa nje uani, yeye ameshika pembe moja na mimi nyingine, tukaiinua mbele ya mlima wenyewe. Wingu lilikuwa limekaa kileleni na majabali yalikuwa bado yanang'aa maji. Watoto walikuja kusimama kutazama nani atashinda.

“Pale,” mama akasema, akinyoosha kidevu. “Chini ya lile jabali. Pale ni kijani gani?”

Nikatazama pale. Nikatazama kitambaa. Nikatazama pale tena, kwa muda mrefu, na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyozidi kukereka, kwa sababu ilikuwapo bluu, nyembamba, inapita katikati ya ule msitu, na mimi sikuwa nimeiweka.

Nikamwachia mama pembe zote mbili, nikaingia ndani kutafuta mkasi.